Jeshi Nyuma ya Peji za Burudani: Somo Kutoka kwa Warohingya



Kila mjadala wa Warohingya ukizuka hapa chuoni, iwe kantini au kwenye grupu la WhatsApp la darasa, hakosekani mtu wa kusema: "Lakini si wao ndio walianza?" Anayesema hivyo mara nyingi hana ubaya wowote. Hajafika Myanmar, hamjui Mrohingya hata mmoja, na ukimuuliza habari hiyo aliisoma wapi, hakumbuki. Aliiona mahali, basi. Nimeandika makala hii ili tuifuatilie sentensi hiyo mpaka ilikotoka. Njia yake inapita kwenye sheria ya uraia, kwenye peji za wanamuziki na walimbwende, kwenye ofisi za jeshi, na mwisho inafika hadi Arusha, jambo ambalo wengi wetu hatulijui.

Niseme mapema kwamba sikusudii kuwagombanisha Waislamu na Wabudha. Wako Wabudha wa Myanmar waliowatetea Warohingya na wakafungwa kwa ajili hiyo, na mmoja wao tutamkuta huko mbele. Ninayemzungumzia ni mwenye bunduki aliyejificha nyuma ya majina ya bandia.

Kwanza walinyang'anywa makaratasi

Warohingya ni Waislamu wa jimbo la Rakhine, magharibi mwa Myanmar, mpakani na Bangladesh. Baada ya uhuru wa nchi hiyo, ambayo zamani iliitwa Burma, walipiga kura, walikuwa na wabunge wao, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 redio ya taifa ilirusha kipindi kwa lugha yao. Jeshi lilipochukua nchi mwaka 1962 mambo yakaanza kugeuka. Mwaka 1978 operesheni ya kukagua uraia, iliyopewa jina la Nagamin, yaani Mfalme Joka, iliwakimbiza watu wapatao 200,000 kuingia Bangladesh. Wengi walirudishwa baadaye.

Mwaka 1982 ikaja sheria mpya ya uraia. Uraia kamili ukawekwa kwa makabila yanayohesabiwa kuwa yaliishi nchini kabla ya mwaka 1823, yaani kabla Mwingereza hajaanza kuiteka nchi. Orodha rasmi ya serikali ina makabila 135. Warohingya hawamo. Mwaka 1991 na 1992 wakakimbia tena watu kama 250,000.

Kukosa uraia kuliingia mpaka ndani ya nyumba zao. Kutoka kijiji kimoja kwenda kingine unahitaji kibali. Kuoa unahitaji kibali. Katika miji ya kaskazini ya Maungdaw na Buthidaung wanandoa waliwekewa kikomo cha watoto wawili. Mwaka 2012 zikatokea ghasia kati ya Warakhine, ambao ni Wabudha, na Warohingya. Watu kama 140,000, wengi wao Warohingya, waliishia kwenye kambi ndani ya nchi yao wenyewe. Baada ya hapo vijana wa Kirohingya wakazuiwa kusoma Chuo Kikuu cha Sittwe, chuo cha mji wao. Hebu fikiria uko mwaka wa pili, una kozi zako na namba yako ya usajili, halafu unaambiwa usirudi tena darasani kwa sababu ya kabila lako.

Mwaka 2014 ilifanyika sensa. Aliyejitambulisha kuwa Mrohingya hakuhesabiwa. Alitakiwa akubali kuandikwa "Mbengali". Mwaka 2015 kadi zao za muda, zilizoitwa kadi nyeupe, zikafutwa, na uchaguzi wa mwaka huo hawakupiga kura.

Naomba tulishike hilo neno "Mbengali", maana lilifanya kazi kubwa kuliko linavyoonekana. Ukishamwita mtu Mbengali umeshasema kwao ni Bangladesh, kwa hiyo hapa ni mgeni. Akikataa kuondoka anakuwa mvamizi. Akichomewa nyumba akavuka mpaka, inasemwa amerudi kwao. Yote haya yamo ndani ya neno moja, na serikali ilikuwa ikilitumia hadharani miaka mingi kabla ya mtandao kufika.

Facebook ndiyo ilikuwa intaneti

Chini ya utawala wa kijeshi laini ya simu Myanmar ilikuwa anasa ya matajiri. Mwaka 2014 kampuni mbili za nje ziliingia sokoni, Telenor ya Norway na Ooredoo ya Qatar, na laini ikaanza kuuzwa kwa takriban dola moja na nusu. Mamilioni ya watu wakapata simu kwa mara ya kwanza, na kwa wengi simu ilikuwa ni Facebook tu. Sisi tunaielewa hali hiyo, kwa sababu na hapa mtu anakwambia hana intaneti, "nina bando la WhatsApp tu". Kufikia 2018 watumiaji wa Facebook nchini humo walikadiriwa kuwa kati ya milioni 18 na 20.

Dalili ya hatari ilionekana mapema. Julai 2014, katika mji wa Mandalay, ilisambaa Facebook habari kwamba Waislamu wenye mgahawa wa chai walikuwa wamembaka mfanyakazi wao Mbudha. Mtawa Wirathu, maarufu kwa mahubiri ya kuwachukia Waislamu, akaisambaza kwa wafuasi wake wengi. Ghasia zikazuka na watu wawili wakauawa, mmoja Mbudha na mmoja Mwislamu. Kumbe hakuna aliyebakwa. Mwanamke mwenyewe alikuja kukiri kwamba madai yale yalikuwa ya kutunga.

Kampuni ya Facebook haikuwa imejiandaa. Shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba mwanzoni mwa 2015 waliokuwa wakikagua posti zenye matatizo na wanaojua Kiburma walikuwa wawili tu. Programu ya kutafsiri nayo ilikuwa kichekesho cha kutisha. Posti iliyohimiza kuwaua Waislamu wote ilitafsiriwa kwa Kiingereza kuwa sentensi isiyo na kichwa wala miguu kuhusu upinde wa mvua. Meneja aliyekaa California angejuaje?

Jeshi linaingia kwa mlango wa nyuma

Wengi tukisikia propaganda ya serikali tunafikiria taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na msemaji wa jeshi mwenye nyota begani. Myanmar hiyo ilikuwepo, lakini kila mtu aliijua ni sauti ya nani. Vijana walikuwa wamechoka kuisikia.

Oktoba 2018 gazeti la The New York Times lilieleza kilichokuwa kikiendelea nyuma ya pazia, likitumia maelezo ya watu walioijua kazi hiyo kwa ndani. Kwa miaka kadhaa jeshi lilikuwa na kikosi cha siri cha mtandaoni, chenye watu wanaofikia 700, wakifanya kazi kwa zamu katika kambi za karibu na mji mkuu Naypyidaw. Kazi yenyewe ilikwenda kwa hatua.

Hatua ya kwanza ilikuwa kukusanya watu. Walifungua, au walichukua, peji za wanamuziki, wanamitindo, mlimbwende na habari za burudani. Kwa muda mrefu peji hizo zilitoa picha na umbea wa kawaida tu. Wewe unafuata kwa sababu ya msanii wako, unaweka "like", unamtumia rafiki. Hakuna siasa hapo.

Ya pili ilikuwa kupenyeza. Peji ikishakuwa na wafuasi wa kutosha, katikati ya nyimbo na mavazi inaingia picha ya maiti, inasemwa ni Mbudha aliyeuawa na Waislamu. Inafuata habari kwamba "Wabengali" wanazaana sana na wataimeza nchi. Kesho yake wanarudi kwenye muziki.

Ya tatu ilikuwa kelele. Akaunti za bandia ziliingia kwenye maoni kuunga mkono, kumtukana anayehoji, na kuwagombanisha wachangiaji wenyewe kwa wenyewe. Anayepita anaona watu mia wanasema jambo lile lile, anadhani hayo ndiyo maoni ya umma.

Ya nne ndiyo iliyonishangaza kuliko zote. Mwaka 2017, wakitumia kumbukumbu ya tarehe 11 Septemba, walisambaza kwa Messenger onyo kwa Wabudha kwamba Waislamu wanajiandaa kufanya jihadi. Wakati huo huo Waislamu nao walitumiwa onyo kwamba watawa wenye msimamo mkali wanaandaa maandamano dhidi yao. Mtumaji alikuwa mmoja. Watu wa pande zote mbili wakiogopana, watamkimbilia nani awalinde? Jeshi.

Facebook yenyewe ilithibitisha sehemu kubwa ya haya. Tarehe 27 Agosti 2018 iliondoa akaunti 18 na peji 52 zilizokuwa na wafuasi karibu milioni 12, na kumfungia mkuu wa majeshi, Jenerali Min Aung Hlaing. Oktoba iliondoa peji nyingine 13 zilizoonekana kuwa za burudani na urembo, kumbe zina uhusiano na jeshi. Desemba zikafuata peji 425. Lakini tazama tarehe hizo. Kijiji cha kwanza kilikuwa kimeshachomwa mwaka mzima kabla.

Agosti 2017

Tarehe 25 Agosti 2017 kikundi cha wapiganaji wa Kirohingya kiitwacho ARSA kilishambulia vituo vya polisi vipatavyo 30 na kuua askari wa usalama wapatao 12. Hilo lilitokea na halifai kufichwa. Amnesty International ilieleza pia kwamba kikundi hicho kiliua Wahindu wa vijiji vya huko. Propaganda hushiba vizuri inapopata kipande cha ukweli cha kutafuna, na sentensi ya "wao ndio walianza" ilizaliwa hapo. Ili uikubali inabidi ukubali kwamba historia ilianza siku hiyo, na kwamba 1978, 1982 na 2012 hazikuwepo.

Kilichofuata kilikuwa adhabu kwa watu wote. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walihesabu vijiji visivyopungua 392 vilivyoteketezwa kwa sehemu au chote. Madaktari Wasio na Mipaka, baada ya kuwahoji wakimbizi, walikadiria kuwa watu wasiopungua 6,700 waliuawa kwa ukatili ndani ya mwezi wa kwanza, wakiwemo watoto wasiopungua 730 wa chini ya miaka mitano. Zaidi ya watu 700,000 walikimbilia Bangladesh, wilaya ya Cox's Bazar, na kambi zao hadi leo ni miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Jeshi lilisema lilikuwa likipambana na magaidi.

Waandishi wawili wa Reuters, Wa Lone na Kyaw Soe Oo, raia wa Myanmar, walichunguza mauaji ya wanaume kumi wa Kirohingya katika kijiji cha Inn Din. Wa Lone ni Mbudha. Walikamatwa Desemba 2017 na tarehe 3 Septemba 2018 wakahukumiwa miaka saba jela. Waliachiwa Mei 2019 baada ya kukaa ndani zaidi ya siku 500. Askari saba waliohukumiwa miaka kumi kwa mauaji yale yale waliachiwa kabla hawajamaliza hata mwaka mmoja. Yaani aliyeandika habari za mauaji alikaa jela muda mrefu kuliko aliyeua.

Picha tatu

Julai 2018 idara ya jeshi ya uhusiano na vita vya kisaikolojia ilitoa kitabu kueleza "ukweli" wa Rakhine. Reuters walizichunguza picha zake za kihistoria na kukuta tatu si za kweli.

Moja ilionyesha maiti, na maelezo yakisema ni wenyeji waliouawa kikatili na Wabengali. Picha hiyo ni ya mwaka 1971, ya vita vya uhuru wa Bangladesh, na waliokufa ni Wabengali wenyewe. Ya pili ilionyesha watu ndani ya boti, ikisemwa wanaingia Myanmar kinyemela. Ni picha ya mwaka 2015 ya wahamiaji, Warohingya na Wabangladeshi, ambao boti yao ilikamatwa na jeshi la majini wakati wakijaribu kutoka. Ya tatu ni safu ndefu ya watu wenye mizigo, ikisemwa ni Wabengali waliovamia enzi za Mwingereza. Ilifanywa nyeusi na nyeupe ili ionekane ya kale. Asili yake ni ya rangi, ilipigwa mwaka 1996 katika ukanda wetu huu wa Maziwa Makuu, na wale ni wakimbizi wa Rwanda.

Jamani! Watu waliokuwa wakitembea katika ardhi yetu wakiwa na magodoro na watoto mgongoni waligeuzwa kuwa ushahidi wa kumfukuza mtu mwingine kwao. Jeshi liliomba radhi kwa picha mbili tarehe 3 Septemba 2018, siku ile ile waandishi wa Reuters walipohukumiwa.

Mpaka Arusha

Picha hiyo haikuwa kitu pekee kilichoiunganisha Rakhine na huku kwetu. Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokuwa ikikaa Arusha, iliwatia hatiani watu watatu wa redio RTLM na gazeti Kangura. Rufaa ya 2007 ilipunguza vifungo vyao na kufuta baadhi ya makosa, lakini jambo moja lilibaki: kuchochea mauaji ya kimbari hadharani ni kosa la jinai, hata kama mkono wako haukushika panga.

Mmoja wa wanasheria waliofanya kazi miaka mingi katika mahakama hiyo ni Mgambia, Abubacarr Tambadou. Baadaye akawa Waziri wa Sheria wa nchi yake. Mwaka 2018 alitembelea kambi za Bangladesh, na amesimulia jinsi maneno ya wakimbizi yalivyomkumbusha mashahidi wa Rwanda. Tarehe 11 Novemba 2019 Gambia, nchi ndogo kabisa ya Afrika bara, ikiungwa mkono na Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, iliishtaki Myanmar katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague. Aung San Suu Kyi, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Amani, alikwenda mwenyewe kuitetea serikali yake. Januari 2020 mahakama iliiamuru Myanmar iwalinde Warohingya, na Julai 2022 ilitupa pingamizi zake ili kesi iendelee.

Tofauti ya Rwanda na Myanmar ni muhimu kwetu sisi wa kizazi cha simu. Aliyefungulia RTLM alijua anasikiliza RTLM. Aliyefuata peji ya mlimbwende hakujua kwamba anayemwandikia amevaa sare. Ile redio ungeweza kuizima. Hii ya pili inakujia kwa mkono wa rafiki yako.

Sasa sisi?

Tarehe 1 Februari 2021 jeshi lilipindua serikali na kumfunga Suu Kyi. Siku chache baadaye likaifunga Facebook. Vijana wa mijini walioandamana walipigwa risasi na jeshi lile lile lililokuwa likiwaambia kwamba adui ni Mrohingya. Ndipo baadhi yao wakaanza kuandika hadharani kuwaomba Warohingya radhi. Juni 2021 serikali kivuli ya wapinzani wa mapinduzi iliahidi kuifuta sheria ya 1982 na kuwapa Warohingya haki ya uraia. Ni jambo jema, ila wale watu 700,000 walikuwa wameshavuka mpaka.

Ninachokiona katika kisa chote hiki ni kwamba jeshi halikuhitaji kila raia achukie. Kuchoma vijiji wanatosha askari. Kwa raia wengine lilihitaji wasihuzunike, wapandishe mabega na kusema "lakini si wao ndio walianza?" Hiyo ndiyo kazi ya propaganda ya siri, na ndiyo sababu sentensi hiyo imesafiri mpaka kantini yetu.

Kwa hiyo nina maombi machache. Peji ya burudani ikianza ghafla kukuletea maiti na kabila la waliodaiwa kuua, fungua sehemu ya taarifa za peji uone ilianzishwa lini, imebadilisha jina mara ngapi, na wasimamizi wake wako nchi gani. Picha ikikutetemesha, itafute kwa Google kabla ya kuisambaza. Ni kazi ya dakika moja, na ndivyo nyingi hukutwa ni za mwaka mwingine na nchi nyingine. Ukitumiwa onyo kwamba watu fulani watatuvamia kesho, jiulize kama na wao hawajatumiwa onyo kama hilo kutuhusu sisi.

Ombi la mwisho ni kuhusu majina. Tuna wakimbizi Nyarugusu, Kakuma na Dadaab, na tuna majirani ambao kila uchaguzi ukikaribia huulizwa kama kweli ni raia. Ukisikia watu wanabadilishiwa jina ili waonekane wageni, uliza mapema nani ameanza kulitumia hilo jina na anataka nini. Warohingya waliulizwa uraia wao miaka 39 kabla ya kuulizwa chochote na mwenye kiberiti.